Kumchoma Mjumbe

Nimelazwa kifudifudi, mto chini ya tumbo,
shuka imeshushwa hadi pale
ambapo Nyevu tu alikuwa akipajua.
Chumba kina baridi ya kununuliwa.
Nje ni Malindi, saa nne, jua la Machi
linakaanga mabati ya soko;
humu mimi ni kuku aliyenyeshewa.

Daktari Mwanakombo anaongea na mgongo wangu,
si na mimi.
"Hapa," anauambia, "na hapa, na hapa chini,"
kalamu yake ikiweka alama
kama seremala juu ya ubao wa watu.

Mgongo huu una kwao, daktari.
Uulizie Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi:
miaka kumi na tisa, gunia la kilo hamsini,
ubao mmoja wa kupandia lori, nao unayumba.
Jasho langu na mzigo wangu
vilikuwa na ladha moja.

Wala haukuvunjika kwa gunia.
Ulivunjika kwa kijiko
kilichomponyoka mjukuu;
niliinama kukiokota,
kiuno kikasema: basi.
Kikaendelea kusema miaka sita.

Nilichuliwa kwa mafuta ya nyonyo.
Nilichanjwa chale, tatu kila upande, zikapakwa unga mweusi.
Nikaumikwa kwa pembe. Nikameza vidonge vyeupe, kisha vya njano,
mpaka tumbo nalo likaingia kwenye mgomo.
Kaka yangu Kahindi akasema ni uvivu umepata jina.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na la kwangu hata halikuonekana.
Nyevu hakusema kitu. Kila asubuhi
alipiga goti akanifunga kamba za viatu
bila kuinua uso,
na hilo
ndilo lililoniuma kupita kiuno.

Sindano ya ganzi: siafu mmoja, kisha hayupo.
Halafu ile ndefu. Naiona kwenye kioo
ikipenya katikati ya mifupa,
mifupa yangu, nami sijafa,
imepangwa kama vipago vya ngazi
iliyolika upande mmoja.
"Sasa nabisha hodi. Mguu ukiruka, niambie."

Hodi ikabishwa.
Ndani kabisa kitu kikaitika, tik, tik, tik,
kama kidole cha mtu aliyefungiwa siku nyingi.
Mguu umetulia, daktari.
"Vizuri. Ndiye huyu."

Huyu. Kama mtu.
Mshipa wa fahamu, mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
kazi yake moja: kupeleka habari.
Alizipeleka. Hakupumzika hata sikukuu.
Wahenga walisema mjumbe hauawi,
lakini wahenga
walikuwa wakilala usiku.

Nyuzi themanini, sekunde tisini.
Nilingoja harufu ya kuungua, haikuja.
Lilikuja joto, taratibu,
kama chai iliyomwagikia upande wa ndani wa ngozi.
Nilihesabu kama nilivyohesabu magunia, kwa Kigiriama,
nikapotea kwenye arobaini nikaanza upya.
Mara tatu. Wajumbe watatu.
Kisha plasta ndogo, ya kuonea aibu,
na biskuti mbili.

"Nisikilize," akasema, safari hii na mimi.
"Mjumbe nimemnyamazisha. Habari bado ni ya kweli:
mfupa umelika vilevile.
Na mshipa huota tena, baada ya mwaka, pengine zaidi.
Usirudi kwenye gunia
kwa kuwa hakuna wa kukukataza."

Wiki ya kwanza niliuma zaidi, nikamlaani.
Ya pili nikanyamaza.
Ya tatu, alfajiri, niliamka nikasikiliza
kama mtu ambaye jirani yake mgomvi amehama:
kimya, halafu kimya tena.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikainama
polepole, nikishuku kila pingili.
Nyevu alikuwa ameshapiga goti.
Mikono yetu ikakutana kwenye kamba.

Nikafunga cha kushoto.
Cha kulia nikamwachia.