Dakika Kumi na Mbili

Saa tatu kasoro robo usiku nafungua mlango.
Al Khuwair bado imeshika joto la mchana kwenye vitasa,
na mama keshajikalisha kiti cha jikoni,
mtandio mabegani, miwani puani,
kisu kidogo mkononi kama kalamu.
"Haya, Zeyana. Leo cha hospitali kipi?"

Bata mzinga, mama.

Anacheka hata kiti kinalia.
"Mzinga mimi naujua wa Ramadhani,
ukipigwa, watu wanafuturu.
Huo wako umelia lini?"

Nyama niliikata alfajiri kabla ya kazi,
kidari kitupu, vipande vyembamba kama ulimi wa paka,
ikalala kwenye friji na tangawizi, thomu,
pilipili manga, kijiko cha sosi ya soya.
Ilinisubiri huko kwenye baridi
wakati mimi maabara nasubiri
damu za watu zimalize kuzunguka.
Sukari za nusu ya mtaa huu nazijua kwa namba.
Ya mama ilikuwa kumi na sita.
Siku ile nilirudi nyumbani nikalibeba kopo la samli
nikampelekea jirani, Bi Shinuna,
akalipokea kwa mikono miwili
kama anapokea yatima.

Karoti anakata yeye.
Mkono wake unatetemeka mpaka ushike kisu,
ukishika, unakumbuka.
Njiti za kiberiti, zote urefu mmoja.
Pilipili boga nyekundu, ya manjano,
maharage mabichi ameyavua nyuzi moja moja,
brokoli anaitazama kwa shaka:
"Mti huu nani kaukata?"

"Sisi biriani tukiianza Alhamisi, tukala Ijumaa.
Chakula kinataka kungojewa, mwanangu.
Haraka haraka..."
Methali anaiacha hapo hapo,
kama mwalimu aliyeacha nafasi kwenye mtihani.
Sijazi.

Karai limeanza kufuka.
Mafuta ya ufuta, vijiko viwili, basi.
Namimina nyama,
na jiko lote linapiga kelele mara moja,
shaaa, mfululizo, bila pumzi.

Mama ananyanyua kichwa.
Kisu kimesimama katikati ya kitunguu cha majani.
"Mvua," anasema.

Ni mafuta, mama.

"Nyamaza. Mvua ya bati.
Chumba cha nyuma, Ng'ambo,
ndoo tatu chini na beseni la marehemu bibi yako.
Tukilala tunaisikia hivi hivi."
Hapa Maskati mvua ikija mara mbili kwa mwaka
inaanguka juu ya zege, haisemi kitu.
Miaka hamsini, na mimi sikuwahi kumuuliza
anakosa nini.

Nyama imeshika rangi, kelele inapungua.
"Inakatika hiyo," anasema. "Tia nyingine."

Mboga zilitakiwa ziingie zote pamoja.
Natia karoti, gao moja. Mvua.
Nasubiri ipungue. Natia maharage. Mvua.
Pilipili boga. Brokoli, hata hiyo.
Yeye kafumba macho, shavu kalilaza kiganjani,
na mimi nageuza kwa mwiko polepole kuliko inavyopasa,
mtu mzima, natengeneza masika kwenye karai.

Nazima. Saa ya ukutani:
dakika ishirini na moja.

Anaonja wima, kwa kijiko changu.
Anatafuna. Anafikiri.
"Kinataka ndimu."
Anatwaa ndimu kavu, nyeusi, nyepesi kama buyu tupu,
anaiponda kwa sahani ya kikombe,
ananyunyiza unga wake bila kuniuliza.
Tunakula bila wali. Haulalamikii wali.
Anaongeza mara mbili, brokoli anazihamishia kwangu
akidhani simwoni.

Saa tano nampima kidole.
Tisa na nusu.
Namwonyesha namba. Anaipungia mkono kama nzi.

"Kesho," anasema mlangoni, nyuma yangu taa nusu imezimwa,
"kabla hujawasha moto, niite.
Nisije nikawa niko msalani ikanipita."