Kibanda cha Fotokopi, Kilimani

Ukurasa shilingi kumi, picha mia mbili.
Masikio yaonekane, huwaambia wateja, usitabasamu.
Idris wa Omdurman hahitaji kuambiwa.

Pasipoti yake ya Kenya ingali inanuka gundi,
basi sasa naye aombe viza
kwenda kulala alikozaliwa.

Fomu yataka barua ya mwenyeji,
yenye saini, na muhuri wa mtaa.
Mwenyeji ni mamake.
Ofisi yenye muhuri iliungua.

Dirishani: njoo Alhamisi.
Alhamisi, mtandao hakuna.
Alhamisi nyingine, mwenye kutia saini kasafiri.
Mlinzi Barasa siku hizi humwekea kiti.

Leo kaleta fomu mpya.
Penye *kusudi la safari*
daima aliandika: kumuuguza mama.
Leo kaandika neno moja, kuzuru.

Kuzuru nani? nikauliza, nikijua.

Wamemlaza uani, akasema,
chini ya kamba ya nguo.
Njia ya makaburini imefungwa.

Nikafunika kioo. Mwanga ukapita
juu ya neno lile, ukarudi, ukapita tena,
maana ubalozi unataka nakala mbili.

Sikumtoza.
Aliacha ishirini juu ya mashine,
akavuka barabara.