Gari la Mkate

Julai ya Nairobi haina jua, ina kifuniko.
Nguo siku ya tatu kambani,
zimelowa kama leso ya mfiwa,
na Buruburu nzima inakohoa ukutani kwa ukutani.

Miaka yote, kipupwe kikianza kutuuma vifundo,
Mwakio alikuwa akigonga boneti mara mbili,
anatega sikio:
"Linapumua. Mghoi, jaza chupa ya chai."

Tulilinunua mnadani mwaka tuliostaafu,
yeye upimaji ardhi, mimi wodi ya wazazi.
Kiinua mgongo chake kilikwenda kwenye injini,
changu kwenye godoro,
kwa hiyo changu ndicho kilichoinua migongo.
Ubavuni, chini ya kijani tuliyopaka wenyewe,
jua likipiga kwa pembeni bado unasoma
MKATE MOTO KILA SIKU.
Watoto wa Laisamis walitukimbilia wakidai mkate.
Mwaka wa pili tukabeba mikate.

Siku tatu mpaka Kalacha,
maana Mwakio hapiti kibanda cha chai bila salamu.
Kisha mikoma michache, kisha hakuna kitu:
Chalbi, nyeupe, imepasuka
kama ugoko usiojua mafuta.

Tulitembea alfajiri, kabla upepo haujaamka.
Yeye mbele, akihesabu hatua kwa sauti.
Miaka thelathini na mitatu aliburuta mnyororo
katikati ya ndugu walioshika panga
kwa ajili ya futi mbili za migomba.
"Huku sina wa kunilipa," alisema,
"wala wa kunilaani."
Akahesabu mpaka elfu nne, akageuka,
akahesabu kurudi, zikapungua kumi na moja.
Akafurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Mimi nyuma, nasikiliza chumvi ikivunjika.
Niliyekesha na vilio vya kwanza vya watoto wa watu
sikujua kimya kinaweza kuwa kikubwa hivyo,
hata hereli zangu zilipiga kelele.
Wakati mwingine hatukusemezana tangu chai hadi chai,
na haukuwa ugomvi.

Aprili, upande wake wa kushoto ulichoka bila kuaga.
Daktari anataka barabara laini na hospitali karibu.
Mkala anapiga simu kutoka Syokimau:
"Mama, uzeni hilo gari, linakula nafasi."
Nikamwambia tutaona.
Mwanangu hajui kuwa kuona kwangu huchukua miaka.

Jana usiku nilibeba blanketi mbili,
nikamshika kiunoni ngazi kwa ngazi, tukapumzika ya nne,
nikamwingiza garini kwa mlango wa nyuma
kama kreti ya mwisho.
Tukalala hapo uani, injini baridi,
mvua ya rasharasha ikitembea juu ya bati.

Nyakundi mlinzi akatumulika na tochi.
"Mzee, mmekosana na nyumba?"
"Tuko safarini," akasema Mwakio
kwa ule upande wa mdomo unaomtii.
"Mmefika wapi?"
Akafikiri. Alifikiri kweli, nikaona anapita Isiolo,
anasimama kwa chai.
"Marsabit. Kesho tunaacha lami."
Nyakundi akazima tochi.
"Basi laleni. Nitaangalia mizigo."

Asubuhi nilikung'uta viatu vyake vya safari.
Kikamwagika kitu cheupe juu ya saruji,
kisichojaa hata kijiko.
Nikapitisha ufagio kandokando.

Sasa tunatembea, ukungu umefika magotini,
kutoka geti hadi pipa la taka,
mkono wake begani kwangu, mzito, mzuri.
Leo mimi siko nyuma.
Anahesabu kwa sauti.
Hamsini na tisa. Sitini.
Sitini.
Sitini na moja.
Namwacha.
Kurudi, huenda zikapungua.