Jana Aliwapanda Wenzake

Cikuru anasema jana, njiani kutoka Nyangezi,
ng'ombe huyu aliwapanda wenzake mara tatu.
"Ana joto. Hana kitu tumboni. Andika."
Anapangusa tope kwenye buti, anatazama geti la machinjio.
Geti bado halijafunguliwa. Mvua nayo haijaamua.

Navaa glovu hadi begani, napaka sabuni.
Nasema naye kwanza, kwa Mashi,
kama bibi alivyonifunza kumsalimu aliyenizidi uzito.
Kisha mkono unaingia gizani,
na Bukavu yote, honi za Essence, wauza ndizi, redio ya mlinzi,
inaishia kwenye kiwiko.

Humu hakuna haraka.

Ovari ya kushoto kwanza. Naipata
kama mtu anavyopata ufunguo ndani ya mfuko wa mwingine.
Juu yake kifuko kimoja, kimejaa maji, laini,
ukubwa wa haragwe lililolowekwa usiku kucha.
Cikuru hajasema uongo. Hiki ndicho kilichomwasha jana.

Nimepasua ovari nyingi kwenye sahani ya bati,
wanafunzi wenzangu wakiziba pua.
Najua vifuko huinuka kwa kundi, vidogo kama ulezi,
vyote vikikimbilia siku ileile;
kisha kimoja huzidi, na kwa kuzidi kwake
huvinyima vingine. Vinanywea.
Hakuna anayeviandikia karatasi.
Siku chache, kundi jingine. Mara mbili, mara tatu
kabla siku ishirini na moja hazijatimia.

Na hili niliambiwa darasani, nikaliamini polepole:
hata mimba ikiingia, vifuko haviachi.
Vinainuka tu, kundi nyuma ya kundi,
kila kimoja kikifunga mizigo ya safari iliyofutwa,
kama shangazi Ntakwinja anayesonga bugali wa watu sita
tangu wanne walipohamia Uvira.
Mpaka mwezi wa mwisho, ndipo vinanyamaza.

Nahamia kulia.
Hapa pana kinundu, kimeshika kama kizibo cha chupa:
mwili wa manjano, bawabu asiyelala.
Nashuka chini yake,
na pembe ya kizazi imejaa, inaning'inia.
Naigonga kwa ncha ya kidole. Kitu kinaondoka,
kinarudi.
Miezi mitatu na siku kidogo. Ukubwa wa panya buku,
anaelea.

"Ana mimba," nasema.
"Na joto la jana?"
"La kweli."
"Haviwezi kuwa kweli vyote viwili."
"Kwake vimekuwa."

Cikuru anakohoa. Anahesabu kwa vidole, akianzia gumba:
ada ya shule, mchinjaji aliyekwisha kulipa nusu,
ndama baada ya miezi sita.
Kidole cha mwisho anakikunja, anakikunjua.
Mvua imeamua. Geti linafunguliwa.

Sijui atachagua nini. Karatasi nimempa.
Nimeandika mimba, nimegonga muhuri mara mbili
kwa sababu mara ya kwanza wino uligoma.
Naosha mkono kwenye ndoo.
Ng'ombe ananusa maji yaleyale, anayanywa, sabuni na yote.

Ndani yake, kushoto, lile haragwe litanywea kesho kutwa.
Nyuma yake, vidogo kama ulezi,
vingine vinaamka.