Mwiko

Mavyaa amevunjika kifundo cha mkono.
Aliteleza sokoni Fengmen, penye maji ya samaki,
akiwahi kamba wa bei ya jioni.
Mkono sasa umo ndani ya plasta, kifuani,
kama mtoto aliyekataa kuwekwa chini,
na mwenyewe kakalia kiti cha plastiki
pale pale mlangoni mwa jiko,
nisipate pa kupita bila kuomba radhi.

Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kuipika nyama hii.
Kuosha mchele, ndiyo. Kumenya tangawizi, haya.
Lakini tumbo la nguruwe na ngozi yake,
mafuta, nyama, mafuta, nyama,
hilo lilikuwa lake kama jina lake, Gu Yufen,
kama ufunguo wa kabati anaoulalia chini ya mto.

"Vipande vikubwa mno." Nakata.
"Sasa umemkatia paka."
"Maji baridi kwanza! Ukiitia kwenye ya moto itashtuka,
itafungia uchafu wake ndani, kama watu."
Naitia kwenye baridi. Povu la kijivu linapanda,
naliengua, linapanda, naliengua.
Nje mvua inapiga bati la banda la baiskeli.

Kisha sukari, mabonge kama kioo kilichovunjika.
Hapa ndipo tunapogombana kila mwaka bila kutamka neno.
Watu wa Suzhou hutia sukari hata kwenye huzuni.
"Ongeza." Naongeza.
"Ongeza, mwanangu, usiwe bahili."
(Mwanangu! Nageuka kuona kama kaingia mtu mwingine.)
Sukari inalainika, inatoka jasho, inakuwa dhahabu,
inakuwa chai ya mkandaa, na hapo anapiga ukelele,
"Sasa! Sasa!"
mkono mzima umeinuka hewani
kana kwamba anasimamisha gari moshi.
Nyama inaingia. Mafuta yanaruka. Naungua kidole gumba.
Yeye haulizi. Nami silii.

Mvinyo wa mchele, kikombe, halafu nusu.
Soya nyeusi, soya nyepesi. Badiani mbili.
Majani ya kitunguu yaliyofungwa fundo
kama nywele za Tongtong akienda shule.
Funika. Moto mdogo. Saa nzima na nusu.

Kwetu Liling, chakula kisichouma hakijaiva.
Baba alitafuna pilipili kavu kama wengine watafunavyo karanga.
Siku aliyofariki nilikuwa hapa hapa, naosha mchele.
Simu aliipokea mavyaa. Alizima moto kwanza,
ndipo akaniambia.

Kwake pilipili ni mwiko.
Leo mwiko umo mkononi mwangu.

Amesinzia, kidevu kimeegemea plasta.
Mfukoni mwa aproni ninazo mbili, nyekundu,
zimekunjamana; zilikuja kwa posta, na barua ya dada.
Nainua kifuniko kama mwizi anayefungua dirisha.
Moja.
Nasikiliza koromo.
Ya pili.

Jioni tuko mezani, Jianrong, Tongtong, yeye, mimi.
Nyama inatikisika bakulini, inang'aa,
ngozi yake inagandisha midomo.
Mavyaa hawezi vijiti kwa mkono wa kushoto;
kaazima kijiko cha mjukuu, chenye picha ya bata.
Anatafuna.
Anaacha kutafuna.
Shanga za jasho zinapanga foleni kwenye paji la uso.
Mimi nahesabu punje za wali.

"Badiani za siku hizi," anasema polepole,
"zimekuwa kali."

Jianrong anasema yeye haoni tofauti yoyote.
Hakuna anayemjibu.
Mavyaa anafuta kipaji kwa ukingo wa plasta,
anausukuma upande wangu ule mbakuli wake, mtupu,
na kwa kijiko cha bata
ananionyesha sufuria.