Kiokote Mwenyewe

Wewe unayekuja Machi, ambaye jina lako bado sijaambiwa,
karatasi ya wilaya itakuandikia chandarua,
viatu vya mvua, tochi, na kisu kidogo cha kukunja.
Haitakuambia kipi. Hata mimi haikuniambia.

Nilikinunua Nachingwea, siku yangu ya mwisho ya lami,
kwa Somoe Nandonde, anayeuza misumari kwa kilo
na visu kwa kukutazama mikono.
Alinitandikia vitatu juu ya mfuko wa saruji.
Cha kwanza chekundu: mkasi, kizibuo, kijiti cha meno,
na lenzi, eti ya kuwashia moto kwa jua.
Cha pili cheusi, meno kama ya mamba.
"Hicho ukikitoa mbele za watu mara moja tu,
utamaliza miaka miwili ukieleza kwamba wewe ni mtu wa chanjo."
Cha tatu kilikaa kimya kama kijana aliyetumwa dukani:
mpini wa mpingo, ubapa mmoja, basi.

Akanimwagia maji viganjani.
"Fungua." Nikafungua cha mpingo. "Funga." Nikafunga.
Chekundu kiliniponyoka, kikatumbukia kwenye misumari.
"Kilimarondo utakuwa umelowa kila siku," akasema,
"kama si mvua ni jasho, kama si jasho ni uji wa mtoto wa mtu."
Nikanunua vyote viwili. Ujana una gharama zake.

Chekundu mchanga ulikiingia bawabani mwezi wa pili.
Mkasi ulivunjika kwenye ukucha wa Mchopa, mlinzi wetu.
Lenzi iko kwa binti yake, Fadhina,
anatazamia siafu; anasema wana nywele.
Kwa hiyo si hasara.

Cha mpingo kimekata viraka vya baiskeli,
maboksi ya dawa, kamba ya mbuzi aliyejinyonga nusu,
mihogo, mihogo, mihogo,
na korosho mbichi mara moja. Usirudie:
utomvu uliniunguza, vidole vikabambuka kama vitunguu.
Kimetoboa mkanda wangu tundu jipya, kisha jingine.

Hakijakata kitovu.
Usiku ule wa Februari, gari likiwa ng'ambo,
mto umeshachukua daraja,
mama akijifungulia kwenye benchi la kupimia watoto,
jamaa zake wote walinitazama mfukoni.
Nikasema hapana, kuna wembe mpya kabatini.
Ufunguo ulikuwa ng'ambo, pamoja na gari.
Basi nikang'oa bawaba: skrubu nne,
ncha ya kisu ikakatikia kwenye ya tatu.
Ndiyo maana utaikuta butu. Usiichonge.
Mtoto yupo, anakimbiza kuku,
na jina lake halihusiani na lolote kati ya haya.

Kinashika kutu ukikipa mgongo. Kipanguse,
kipake mafuta ya ufuta, tone moja tu, ghali.
Jiwe la kunolea liko kwa Bi Asumini, mlango wa nyuma,
naye atakukosoa: "Unanoa au unampapasa paka?"
Kitaazimwa. Kitachelewa.
Safari moja kilikaa wiki tatu; nikakisema vibaya,
kikarudi kikali kuliko kilivyotoka,
na tetea mmoja ndani ya kapu.

Bi Asumini hapokei kisu mkononi mwa mtu.
Hukuambia ukiweke chini, ndipo akiokote
kana kwamba hakuna aliyempa.
Mwaka wa kwanza nilikuwa nacheka.

Lori la mwisho la korosho linaondoka alfajiri,
nami sitaweza kukungoja.
Kipo dirishani, juu ya daftari la wajawazito,
kimekunjwa, kinanuka ufuta na muhogo.
Usiulize ni cha nani.
Lowesha mikono kwanza.