Kijiko cha Usawa

Kopo nimelisoma hadi maandishi yamefifia
pale kidole gumba kinaposhika.
Usiku wa Pasua, umeme umekatika,
tochi ya simu nimeibana kwa meno,
nasoma kimoyomoyo, kama dada alivyosoma Zaburi
kabla hawajamlaza KCMC na dawa zisizoruhusu kunyonyesha:
maziwa yaliyoondolewa siagi, laktosi,
mafuta ya mawese, mafuta ya samaki
(samaki! sisi watu wa migombani),
chuma, zinki, iodini,
na mwishoni, kwa herufi za sisimizi,
bakteria hai, rafiki wa tumbo.

Sijawahi kununua rafiki kwa elfu arobaini na mbili.

Kopo ni moja, watoto ni wawili.
Aikaeli anakunywa, anacheua mara moja
kama mzee aliyetoka harusini, analala.
Sifueli anakunywa yale yale,
na robo saa haijaisha tumbo limekaza kama ngozi iliyowambwa,
magoti yanapanda kifuani,
maziwa yanarudi yameganda begani pangu
na juu ya gauni la mteja ambalo sijalipinda.

Kila mtu ana cha kuongeza.
Mama Kandida wa chumba cha mbele: tia sukari, kidogo tu.
Bibi yao kutoka Uru: wapeni kitawa,
baba yao alikula kitawa na leo anaendesha lori.
Miezi miwili, bibi.
Kijana wa duka la dawa, Double Road:
lipo lenye nyuzinyuzi, lipo lenye protini iliyokatwakatwa,
lipo zito la kuzuia kutapika,
na kila akipanda ngazi ya rafu
bei nayo inapanda naye.

Mimi nami niliongeza.
Sikumwambia mtu.
Wiki ile watu wa sare za kwaya hawakulipa,
nikasikia kijiko kikikwangua bati,
nikaongeza maji.
Vijiko vinne mahali pa sita.
Chupa ilijaa vile vile, nyeupe vile vile;
mlima ukifunikwa na wingu
nani atajua theluji imebaki kiasi gani?

Na Sifueli hakutapika wiki ile.
Nikajipongeza. Nikadhani nimepata dawa.

Kliniki, nesi Anansia akamvika kaptula ya mzani,
akamning'iniza kwenye ndoana.
Mshale ukatikisika, ukatulia
pale pale uliposimama mwezi uliopita.
Akatia nukta kwenye kadi,
akaziunganisha nukta mbili kwa rula,
na mstari wangu ukalala chali
katikati ya mistari ya kiwandani, yote inapanda.

"Chupa hii unaitia vijiko vingapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Heri angekuwa mkali.
Nyuma yangu foleni ilinyamaza,
au mimi ndiye niliyeacha kusikia.
"Vinne."

Akalifungua kopo langu, akachota,
akapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko.
"Usawa. Si kilima, si bonde. Sita.
Kutapika kwake, mbebe wima, mpe kidogo kidogo.
Tumbo linajifunza. Lisipojifunza, daktari atatubadilishia kopo.
Lakini njaa, shangazi, haina mtoto aliyeizoea."

Mimi si shangazi, ni mama mdogo.
Sikumsahihisha.

Sare za kwaya nimezifungia kabatini,
hazitoki bila fedha, hata Pasaka ije.
Dada amepiga simu, sauti imekonda:
wananenepa? Nikamwambia, Aikaeli ana mikunjo mapajani.
Akanyamaza kidogo.
"Na mwenzake?"
Nikasema mtandao unakatika.

Saa tisa usiku Sifueli amenitapikia tena.
Nimepangusa bega, nimesugua vidole gizani:
mazito.
Nimembeba wima, nikamsubiri atulie,
kisha nikachota upya,
nikihesabu kwa sauti.